Nyama ya Pombe

Bibi alionja mara moja, akaiinua glasi kuelekea mwanga wa mlangoni, akaitazama kwa muda, kisha akanirudishia ikiwa bado imejaa zaidi ya nusu.

"Nyama yake umeipeleka wapi?"

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Juni, nasi tumekaa barazani kwake Mvumi, kipupwe kikivuma na kuleta vumbi jembamba lililotua juu ya kila kitu. Nilikuwa nimetoka Dodoma mjini asubuhi na chupa nne nilizozifunga kwa khanga na kuzipakata mapajani safari nzima, ili makorongo ya barabarani yasizitikise. Pombe ile ilikuwa ya mtama mtupu, angavu, yenye rangi ya asali, na povu jeupe lililosimama juu yake lilikuwa limenigharimu miezi mitatu ya kuharibu nafaka. Nilitarajia kusifiwa. Nilimjibu kwamba kama nyama ni machicha, basi nimewapa kuku.

Alicheka kidogo, akaomba aletewe maji ya kunywa, na mazungumzo yakahamia kwenye mavuno.

Swali lake halikuhama.

## Kiroba

Nitapita haraka kwenye habari ya mfuko ninaotengenezea bia, kwa sababu wengi wenu mmeniona nao. Katika viwanda, na katika vitabu vinavyofuata desturi ya viwanda, bia ya nafaka hupitia vyombo vitatu: kimoja cha kulowekea kimea kilichosagwa, kingine cha kupashia maji ya kusuuzia nafaka hiyo, na cha tatu cha kuchemshia maji matamu yaliyopatikana. Katikati ya miaka ya 2000, watengenezaji wa bia za nyumbani huko Australia walianza kueneza njia fupi zaidi: sufuria moja, na ndani yake mfuko wa kitambaa chepesi. Maji yote yanawekwa tangu mwanzo, kimea kinalowekwa ndani ya mfuko, na muda ukitimia mfuko unanyanyuliwa na nafaka yake yote, kama mtu anayetoa majani ya chai kwenye birika.

Wangu nilishonewa na fundi cherehani wa mtaani kwetu kwa kitambaa cha pazia, kile cha wavu mwembamba unaopitisha upepo lakini hauruhusu mbu. Aliuliza kama ni wa kuchujia tui la shughuli ya watu wangapi. Nilipomwambia ni wa pombe, alisimamisha mguu wake kwenye pedali.

"Kumbe ni kiroba! Si walipiga marufuku?"

Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo. Tangu Machi 2017, zile pombe kali za kwenye vipakiti hazipo tena madukani, lakini jina limebaki midomoni, na nyumbani kwangu limehamia kwenye mfuko huu. Mke wangu huuanika kambani, na jirani akiuliza ni pazia la dirisha gani, humjibu bila kutabasamu kwamba ni kiroba cha baba.

Kwa shayiri, kiroba kilinitii tangu siku ya kwanza. Kilo mbili na nusu za kimea kilichosagwa kwa kuvunjwavunjwa tu, lita kumi na sita za maji yenye nyuzijoto 70, ambazo zilishuka hadi 66 nilipomimina nafaka. Nikaifunika sufuria kwa blanketi kwa saa nzima. Kisha nikaning'iniza mfuko kwenye kenchi la banda la nyuma, ukadondosha matone yake ya mwisho, nikachemsha saa nyingine pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. (Nilidhani kipimajoto kimeharibika, kwa kuwa maji yalitokota yakiwa nyuzi 96 tu, hadi nilipokumbuka kwamba tunaishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.) Hata maji yetu ya visima vya Mzakwe, yanayoacha ukoko mweupe kwenye kila birika la mji huu, hayakuleta ugomvi wowote.

Bia ilikuwa nzuri. Nilikunywa chupa ya kwanza nikiwa nimeridhika, na ya pili nikiwa na wasiwasi.

Shayiri ile ilisafiri kutoka kaskazini, hopsi zilivuka bahari ndani ya begi la ndugu aliyekuwa akirudi nyumbani, na hamira ilikuja pamoja nazo. Mimi nimelelewa kwa ugali wa mtama na uwele, katika nchi ambayo mahindi yakikauka mtama ndio unaobaki umesimama. Kila nikitazama kopo la kimea cha shayiri jikoni, nilijisikia kama mtu anayeagiza maji ya chupa akiwa amekaa kando ya kisima.

## Maji ya kuoshea mchele

Basi nikanunua kimea cha mtama sokoni Majengo, kile ambacho akina mama hununua kwa ajili ya togwa, nikakifanyia kila kitu nilichoifanyia shayiri. Vipimo vilevile, nyuzi zilezile 66, blanketi lilelile.

Baada ya saa moja nilifunua sufuria na kukuta kitu kinachofanana na maji ya kuoshea mchele. Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha maji yana sukari kiasi gani, ambayo kwa shayiri ilikuwa imesoma 1.044, sasa ilisoma 1.016, maana yake sukari ilikuwa haifiki hata nusu ya ile niliyoizoea. Nilichukua tone la maji yale, nikaliweka kwenye sahani nyeupe na kulidondoshea tone la ayodini kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Lilibadilika papo hapo, likawa na weusi wenye ubluu, kama wino wa kalamu ya zamani. Ayodini hufanya hivyo inapokutana na wanga. Kazi yote ya kuloweka kimea ni kuugeuza wanga kuwa sukari ili hamira iweze kuila, na wanga wangu ulikuwa umekaa pale pale, haujaguswa.

Nilirudia wiki iliyofuata kwa kimea kingi zaidi. Mara ya tatu nilikisaga kikawa laini kabisa, nikidhani tatizo ni ukubwa wa chembe, na hapo nikapata adhabu ya aina nyingine. Shayiri ina makapi magumu yanayobaki ndani ya mfuko na kuyaachia maji njia ya kupita, lakini punje ya mtama iliyopurwa haina makapi. Unga ule laini uliziba matundu ya kitambaa, mfuko ukavimba kama kiriba, na baada ya kuning'inia kwenye kenchi kwa karibu saa mbili ukapasuka kwenye mshono. Kilo tatu za uji mbichi zilirudi ndani ya sufuria kwa kishindo, na nyingine zikanirudia mimi kifuani.

Mke wangu alisimama mlangoni akiwa na taulo, hakusema neno.

Ningependa kuandika kwamba wakati huo nilifikiri kwa makini. Ukweli ni kwamba nilikasirika, nikaamua kwamba mtama ni nafaka duni kwa pombe, na kwa siku kumi hivi nilikuwa na amani na uamuzi huo.

## "Nimekuuliza umeupika?"

Uamuzi huo uliniharibikia kwa sababu ya jambo dogo: nilikumbuka kwamba nimewahi kuona watu wamelewa.

Niliwaona nikiwa mtoto, uani kwa bibi, baada ya siku ya kulima kwa kuitana, wazee wazima wakiwa wamelewa ujimbi uliotokana na mtama huohuo ambao mimi nilikuwa nimeshauhukumu. Mtungi wa bibi haukuwa na kipimajoto wala haidromita, na wanga wake uligeuka sukari kila mara. Nilimpigia simu.

"Mbukwa, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnaumwa?"

"Hatuumwi. Nataka kuuliza habari za ujimbi. Mtama wangu unakataa kuwa mtamu."

"Umeupika?"

"Nimeuloweka kwenye maji ya moto sana, Bibi, nimeupima."

"Nimekuuliza umeupika?"

Nikanyamaza. Akaendelea kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto jinsi ya kufunga kamba za viatu. Kwanza unasonga uji wa unga wa mtama ambao haukuoteshwa, mzito, uive kabisa mpaka uwe unarukaruka. Unauepua. Unauacha upoe, lakini usipoe ukalala. Hapo ndipo kimea kinaingia, na utauona uji wenyewe unalegea mbele ya macho yako na kuwa maji. Ukiweka kimea uji ukiwa bado unachemka, umekiua. Usipoupika uji, kimea hakina cha kula.

Nilikata simu nikachukua daftari langu, na mambo mawili niliyokuwa nimeyaandika kurasa tofauti yakakutana.

La kwanza: wanga hauvunjwi ukiwa mbichi. Lazima kwanza uive, yaani chembe zake zivimbe na kufunguka majini. Wanga wa shayiri huiva kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, ilhali wa mtama hutaka karibu 70 na kuendelea. La pili: vimeng'enya vya kimea, ambavyo ndivyo vinavyoukata wanga kuwa sukari, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70, na juu ya hapo huanza kufa upesi. Shayiri ina bahati ya pekee, kwa kuwa wanga wake unaiva kwenye joto lilelile ambalo vimeng'enya vyake vinalipenda, na ndiyo maana sufuria moja, joto moja na saa moja vinatosha. Njia ya mfuko imesimama juu ya bahati hiyo. Mtama hauna bahati hiyo. Joto linaloivisha wanga wake linawaua walaji, na joto linalowafaa walaji linauacha wanga ukiwa mgumu kama changarawe.

Hakuna kipimajoto duniani kitakachokupa namba moja inayotatua jambo hili, kwa sababu namba hiyo haipo. Jibu ni kuvitenganisha: pika kwanza, poza, kisha weka kimea.

Mwaka 1988 Nigeria ilipiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri kutoka nje, na viwanda vikubwa vya bia vya nchi ile vikalazimika kuhamia kwenye mtama na mahindi. Wahandisi wao walikutana na ukuta huohuo, wakaupita kwa kupika nafaka ambayo haikuoteshwa na kuongeza vimeng'enya vilivyotengenezwa viwandani. Nilifurahi kusoma habari hiyo. Nilifurahi kidogo pia, nakiri, kwa kuwa bibi yangu hakuhitaji kununua vimeng'enya.

## Kidole

Nilikwenda Mvumi nikiwa na kipimajoto mfukoni, nikamwomba anionyeshe ni wakati gani uji "umepoa lakini haujalala".

Alichovya ncha ya kidole cha shahada haraka, akakitoa. Akachovya tena, akakitoa. "Bado. Mara ya pili inauma sana." Tulisubiri tukizungumza. Alipochovya mara ya tatu bila kukunja uso, akasema sasa. Nilitumbukiza kipimajoto: nyuzi 63. Tulirudia kwa chungu cha pili, nami nikageuka ili asione kwamba namkagua. Nyuzi 62.

Jambo jingine nililiona siku hiyo nikiwa nimekaa tu. Kimea chake alikiotesha mwenyewe: mtama uliolowekwa kutwa na kucha, ukatandazwa chini ya gunia bichi kwa siku nne, ukaanikwa juani. Kabla ya kusaga, alikifikicha kwa viganja mpaka vijichipukizi na vijimizizi vyote vikakatika, kisha akavipeta kwa ungo vikapeperuka. Nilidhani ni unadhifu tu. Baadaye nilisoma kwamba chipukizi na mizizi ya mtama unaoota ndimo mnamojikusanya kemikali inayoweza kuzalisha sayanidi, ileile inayoua ng'ombe waliokula mtama mchanga, na kwamba kuviondoa na kukausha kimea, kisha kuchemsha, kunapunguza hatari hiyo. Nilipomuuliza kwa nini anavitoa, alisema vinatia uchungu.

Kulikuwa pia na fungu dogo lililoota ukungu wa kijani, akalisukuma pembeni kwa mguu bila hata kuinama. Hapo sikuhitaji kusoma. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo nafaka yenye ukungu haina mjadala kwangu.

Niliporudi mjini nilifanya kama alivyofanya, ila niliutumbukiza uji wote pamoja na kimea ndani ya mfuko, mpya, ulioshonwa mara mbili, na kimea chenyewe nilikisaga kwa kuparaza. Uji ulilegea kweli. Kwa dakika kumi mwiko uliokuwa umesimama wima peke yake ulianza kuinama, ukaegemea ukingo wa sufuria. Tone la ayodini lilibaki na rangi yake ya kahawia. Haidromita ilisoma 1.040, na baada ya siku tisa za kuchachuka kwenye baridi ya Juni ikashuka hadi 1.012, kilevi kikiwa karibu asilimia 3.7.

Hiyo ndiyo pombe niliyoipakata hadi Mvumi.

## Nilichowapa kuku

Sasa mnaweza kuelewa kwa nini swali lake lilinichoma. Nilikuwa nimefuata kila neno lake, na mwishoni akaikana.

Kwa siku kadhaa nilijitetea kichwani. Nilijiambia kwamba ni mazoea ya ulimi, kwamba mtu aliyezoea pombe nzito hawezi kupenda angavu. Halafu nikaanza kukumbuka ile siku ya kulima kwa kuitana, wale wazee wakinywa kwa zamu kutoka kwenye kibuyu kimoja, na nikajiuliza walikuwa wamekula nini mchana ule. Sikumbuki chakula. Nadhani hapakuwa na chakula kingine cha maana. Ujimbi wenyewe ulikuwa na wanga uliobaki ukielea, unga wa nafaka, na hamira hai pamoja na vitamini B zake, yaani uji uliopata kilevi. Glasi ile niliyompa ilikuwa imeondolewa karibu kila kitu ambacho mkulima angekihitaji ili arudi shambani alasiri. Aliposema nyama hakuwa akitafuta sitiari. Alikuwa akiuliza chakula kiko wapi.

Kwa hiyo mfuko, ambao mimi niliuona kuwa chombo cha kurahisisha, ulikuwa na maoni yake. Uliamua kwa niaba yangu kwamba pombe ni maji na kwamba nafaka ni taka.

Lakini kuna upande wa pili, na huu nao umenichukua muda kuukubali. Ujimbi hunyweka siku moja au mbili ukiwa mzuri, kisha unakuwa mchachu mno. Una nyama, na nyama hiyo inaendelea kuchachuka. Ukiufunga kwenye chupa na kuupandisha basi kwenye barabara ya Mvumi, chupa italipuka kabla hujafika nusu ya njia. Ujimbi hunywewa pale ulipopikwa, na watu waliokuja kuunywa. Ya kwangu inaweza kukaa miezi kadhaa kabatini na kusafiri kwenye khanga, kwa sababu hiyohiyo kwamba nimeitoa nyama. Ningemletea bibi yangu pombe kamili, isingefika kwake. Mimi ninayekaa mjini, ninayemtembelea mara moja kwa miezi miwili, ninaweza kumletea ile tu iliyochujwa.

Jibu hilo halikunifurahisha, ila nililiona ni la kweli, na nikaazimia kumwambia.

## Kukamua

Katikati ya Agosti alikuja mjini kwa kipaimara ya mtukuu wake, akakaa kwetu siku tatu. Siku ya pili nilikuwa na sufuria jikoni. Nilimweleza habari ya chupa na basi na barabara, akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo unachuja kwa sababu ya safari."

"Ndiyo, Bibi."

"Leo nani anasafiri?"

Saa ya kunyanyua mfuko ilipofika niliuning'iniza kwenye kenchi na kuuacha udondoke wenyewe, kama nilivyofundishwa. Watu wa mifuko hubishana kama ni halali kuukamua. Wengine husema ukikamua unatoa ukakasi wa nafaka, wengine wanasema ukakasi unaletwa na maji ya moto kupita kiasi na wala si mikono. Mimi nilikuwa sijawahi kuukamua, kwa kutaka uangavu. Bibi aliutazama ukitoa tone moja moja, akavumilia dakika mbili hivi, kisha akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaniambia niuteremshe.

Aliushika kama anayekamua tui. Aliusokota shingo, akaubana kifuani mwa sufuria, akausokota tena, na kitu cheupe, kizito, kikaanza kutoka kati ya vidole vyake na kuingia kwenye yale maji yangu yaliyokuwa yametulia. Nilifungua mdomo kusema kwamba pombe itapoteza uangavu. Mke wangu alinitazama, nikaufunga.

Alipomaliza alinipa mfuko mkononi. Ulikuwa mwepesi, karibu mkavu, na machicha ndani yake yaliyobaki yangejaa bakuli moja. Nilipima sufuria kwa kijiti nilichokitia alama.

Ilikuwa imeongezeka lita mbili na nusu.